Barua Iliyokuwa Upande wa Windows

Mie sina tabia ya kupekua vya watu. Nasema mapema, maana Kibiti nzima imeshaambiwa kwamba Mwanahawa ni mdokozi wa barua za ofisi.

Mwaka 2004 nilikuwa kibarua, mwaka wa nne huo, katika ofisi ya mradi wa wakulima. Nachapa, nafagia, nawasikiliza watu wa Nyamwage na malalamiko yao. Makao makuu Dar yakatangaza nafasi moja ya mafunzo ya kompyuta, miezi sita. Ukirudi na cheti unaajiriwa moja kwa moja. Mkuu wetu, Bwana Theodory, akaniambia, "Mwanahawa, jina nitakaloandika ni lako. Anza kufunga begi." Nikamwamini, mjinga mie, na pweza wa Nyamisati nikamletea.

Kompyuta ilikuwa moja, mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza: Windows au Linux? Fundi Felix wa Dar ndiye aliyeipanga hivyo, maana Windows ilikuwa haiishi virusi vya kwenye disketi. Bwana Theodory akaichukua Windows, akaiwekea neno la siri, akatamba kwamba haingii hata jini. Linux akaniachia mie, eti ya kuchezea. Kumbe Felix alikuwa kashanifundisha: diski ni ileile, imegawanywa tu, na ukiwa ndani ya Linux unaweza kuiunganisha sehemu ya Windows ukasoma kilichomo. "Usome tu," alinikazia. "Ukiandika kitu huko utaharibu vya watu." Amri ya kuiunganisha nikainakili kwenye daftari langu.

Basi Alhamisi moja akaja Mama Aika wa makao makuu. Alifuata mambo mawili: ripoti ya mashamba ya Mloka yaliyoliwa na tembo, na barua ya jina la anayekwenda mafunzoni. Vyote vilikuwa upande wa Windows, havijatolewa kwenye karatasi. Bwana Theodory akawasha mashine kwa mbwembwe. Windows ikagoma. Akazima, akawasha tena. Skrini ya buluu tupu. Kijasho chembamba kikamtoka.

"Niachieni mie," nikasema.

"Wewe utaweza wapi?"

Nikawasha Linux, nikaandika ile amri, na mafaili yake yote yakajipanga mbele yetu. Ripoti ya Mloka hii hapa, nzima. Chini yake faili limeandikwa "Mafunzo". Nikalifungua papo hapo, na wallahi nililifungua kwa furaha, nilitaka kuliona jina langu.

"Ninampendekeza Bi. Recho," barua ilisema. "Bi. Mwanahawa ni mfagizi. Kompyuta haiwezi, na watu wa huku bado hawajazoea mashine."

Yarabi! Recho ni mdogo wa mkewe. Ana wiki tatu ofisini, kipanya hajakigusa. Nikaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno. Miaka minne mtu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mie nacheka naye!

Bwana Theodory macho yalimtoka pima. "Umeingiaje humo? Si nimeweka neno la siri?"

"Umefunga mlango wa Windows, bwana wee. Diski hujaifunga. Na huyo asiyeweza kompyuta ndiye anayekusomea sasa hivi."

Mama Aika akacheka mpaka akavua miwani. "Huyu binti anaijua mashine kuliko vijana wangu wa Dar!" Jamani, roho yangu ilitulia. Nikaona haki imekuja kwa miguu yake.

"Lakini mwanangu," akasema, "mafunzo yenyewe ni ya wasiojua kabisa. Kuwasha, kuzima, kushika kipanya. Wewe utakwenda kufanya nini kule? Aende Recho. Wewe baki hapa, nani mwingine ataziokoa ripoti zetu?"

"Na ajira?"

"Ajira inataka cheti. Ndio utaratibu."

Nikamtazama Bwana Theodory. Alikuwa anasoma kalenda ukutani, na bega linamcheza kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu, kwa hasira.

"Itoe na hiyo barua," Mama Aika akaniambia, "niondoke nayo."

"Na ule mstari, kwamba kompyuta siiwezi?"

Akatazama saa, dereva alikuwa keshawasha gari. "Uache tu hivyohivyo, mwanangu. Ndio unaompa Recho nafasi."

Nikaitoa nakala mbili, nikazibana pini, nikampa.