Komeo la Chumba cha Pasi

Mdogo wake alipovua viatu katikati ya chumba cha pasi na kuanza kuzungumza na mvuke, dada mtu alikuwa upande wa pili wa jengo akitoa mashuka kwenye mashine. Alipofika alimkuta amekaa sakafuni, akimwomba mama yao, ambaye alishafariki, amfungulie dirisha. Madirisha ya chumba kile yalikuwa yamepigiliwa misumari kuzuia wizi. Msimamizi alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Wafanyakazi walimwita Bwana Feni, kwa kuwa feni pekee ya kiwanda kile cha kufulia ilizunguka ofisini kwake.

"Mtoeni," alisema. "Hapa tunafua nguo, hatufugi vichaa."

Wengine wakacheka. Dada mtu hakuwasahau waliocheka, wala aliyewachekesha.

Mdogo wake alikuwa mtu wa dawa za akili kwa miaka, na miaka yote hiyo alikuwa mzima kama mwingine yeyote: mcheshi, mwepesi wa mikono, hodari wa kuigiza sauti za wakubwa. Joto la mwaka ule ndilo lililomwangusha. Nyumba haikupoa hata usiku, na usingizi ukamruka. Alikwenda kwa Bwana Feni akaomba kwa adabu ahamishiwe kwenye kukunja nguo, karibu na mlango, mpaka hali ya hewa itulie. Akajibiwa kwamba joto halichagui mtu, asiyeliweza abaki kwao.

Hospitalini nesi alimweleza dada mtu kwamba baadhi ya dawa zile huufanya mwili ushindwe kujipoza, na mtu akikosa usingizi na maji, akili huyumba. Akamwelekeza ampe maji kidogo kidogo, amwekee kitambaa kibichi shingoni, asimwache peke yake, na dawa zisikatishwe bila daktari. Kisha akamwuliza kama yeye mwenyewe analala. Alijibu analala. Kumbe alikuwa akikesha akipanga.

Mchana mmoja, mdogo wake akiwa nyumbani na jirani, wafanyakazi wenzake walipotoka kwenda kula kivulini, alimwambia Bwana Feni kuwa bomba la mvuke linavuja chumba cha pasi. Lilikuwa linavuja kweli. Bwana Feni akaingia na tai yake shingoni. Nyuma yake, komeo la nje likasukumwa taratibu.

Kwanza alitukana. Kisha akaamuru, kisha akaahidi cheo. Dada mtu alipindua ndoo, akaikalia, mgongo mlangoni, akasikiliza. Kila neno lilimburudisha kama maji ya mtungi.

"Joto halichagui mtu, bosi," alimwambia.

"Dada, fungua. Kifua kinanibana."

"Mdogo wangu naye alikuomba."

"Mdogo wako yupi?"

Hapo nusura ainuke aende zake, amwache humo mpaka jioni. Mtu amemvunja mdogo wake na hata hamkumbuki! Kisha sauti ya ndani ikabadilika. Bwana Feni alikuwa anaongea na kaka yake, akimsihi amshike mkono wavuke barabara. Humo ndani hamkuwa na kaka wala barabara.

Dada mtu aliijua sauti ile. Huruma haikumjia. Kilichomwinua ni hofu kwamba mtu huyu akifa, atakufa hajui kosa lake.

Akafungua. Alimburuta hadi kivulini, akamlegeza tai, akamlowesha shingo na kumnywesha kidogo kidogo. Fahamu zilipomrudia, alimwinamia.

"Uliyemwita kichaa ni mdogo wangu. Hivi ulivyokuwa sasa hivi ndivyo alivyokuwa. Usije ukasahau."

Wenzake walirudi wakamkuta bosi amekaa chini, analia. Mkuki kwa nguruwe. Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja wao alichukua nyundo bila kuulizwa, akang'oa misumari ya madirisha.

Dada mtu alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Polisi hawakuitwa. Bwana Feni angelazimika kuwaeleza jinsi chumba cha kazi kilivyoweza kumtoa mtu akili.

Nyumbani alimsimulia mdogo wake yote, akitarajia lawama. Yule alikuwa ameanza kupata nafuu, ingawa bado alizungumza kwa sauti ya chini. Alisikiliza huku akimenya chungwa, polepole, ganda lisikatike.

"Mimi," alisema mwishowe, "ningeongeza muda kidogo kabla ya kufungua."

Kisha akaigiza sauti ya Bwana Feni akiomba mlango, na dada mtu akacheka mpaka akashika mbavu.