Aliyetoka Saa Kumi na Moja

Jumanne moja, saa kumi na moja kamili jioni, mafundi kumi na wawili wanaoshona sare za shule kwenye ghorofa ya tatu, River Road, walipanga foleni wakabonyeza kidole gumba kwenye mashine mpya ya mlangoni inayorekodi saa za kuingia na kutoka. Mashine ikawashukuru kwa Kiingereza. Kisha wakarudi kwenye cherehani zao hadi saa mbili usiku, kwa kuwa ndivyo msimamizi wao, Mbuthia, alivyotaka. Kwenye kumbukumbu, wote walikuwa wamekwenda nyumbani.

Munyiva, mmoja wa mafundi hao, alifika nyumbani Kangemi saa tatu na kitu. Kwa miaka miwili alikuwa akimkuta Yvonne, bintiye wa miaka mitano, amelala kwa jirani, na kila alipombeba moyo ulimsuta. Jumanne hiyo jirani, Mama Peres, alikuwa mikono mitupu.

"Si ulimchukua saa kumi na mbili? Mkanunua hata sukuma wiki."

Nyumbani Yvonne alikuwa kitandani, kichwa kimesukwa vizuri. Sufuria zilikuwa zimeoshwa. Munyiva akaelewa: mashine ilisema ametoka, basi alikuwa ametoka. Huyo aliyetoka aliwahi nyumbani, akapika, akasuka, akatoweka Munyiva alipoingia mlangoni. Ikawa hivyo kila siku.

"Mama wa jioni hunibeba mgongoni," Yvonne alimwambia asubuhi moja. "Wewe ukikuja umechoka tu."

Majuto ya miaka miwili yakageuka hasira hapo hapo, chai ikiwa bado mkononi. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka Mbuthia naye aonje.

Mbuthia hakuwahi kubonyeza, ingawa kidole chake kilisajiliwa siku mashine ilipowekwa. Ijumaa saa kumi na moja Munyiva akamwita.

"Boss, hii mashine inatukataa. Hebu jaribu na yako tuone."

Mbuthia akabonyeza. Mashine ikamshukuru.

Jumamosi Mbuthia alikuja na shati la jana, akawasimulia mafundi bila kuulizwa. Alikuwa amebisha langoni kwake Kabiria, na mkewe, Wamucii, akachungulia dirishani. "Mzee wangu yuko hapa anakula na watoto," alisema kwa upole, "na leo hata hajashika simu." Akavuta pazia. Kwa kuwa Mbuthia hakuingia, yule wa ndani hakutoweka.

"Pole, boss," Munyiva alisema, akainama kwenye cherehani na kucheka mpaka uzi ukakatika. Kicheko kilikuwa kitamu, na hakukionea haya.

Siku hizi Mbuthia hulala juu ya meza ya kukatia vitambaa. Hana pa kwenda, kwa hiyo hana haraka. "Mnakimbilia wapi?" huuliza, na mafundi sasa hutoka saa nne usiku.

Jana Munyiva alikuta mlango umekomewa kwa ndani. Akabisha.

"Nani?" Yvonne akauliza.

"Ni mama, fungua."

Akasikia miguu midogo ikija, halafu sauti yake mwenyewe, isiyo na uchovu wowote, ikisema kutoka ndani: "Usifungue, mtoto wangu. Ni usiku."

Ndivyo Munyiva mwenyewe alivyomfundisha Yvonne siku zote. Miguu ikarudi kitandani. Munyiva akaketi kwenye ngazi mpaka kukapambazuka, na saa moja asubuhi alikuwa River Road, akabonyeza kidole kuingia kazini, na mashine ikamshukuru.