Taa Bado Inawaka

...na sasa kimeingia tena, kipimo changu, kiduara cha chuma kama kopo la rangi ya viatu, kimelala juu ya mkanda wa kupitishia meza hapa kiwandani, jicho lake likitazama juu, kinapita chini ya taa kule ndani ya sanduku na mimi nakisubiri huku mwisho, mara ya tatu asubuhi hii, kama kwamba nikipima tena na tena miale itanionea huruma, mara mbili kimetoka na nusu tu ya nguvu inayotakiwa, nusu, na kwa nusu vanishi hukauka juu tu, chini inabaki mbichi, meza inang'aa dukani halafu mtu anaweka kikombe cha kahawa na... "Vibeke, dada yangu, unapima au unasali?" huyo ni Torben, msimamizi wetu, mdomo haumtulii, "mbona taa inawaka, mpaka macho yanauma!" inawaka, ndiyo, ule mwanga wa buluu unachungulia kwenye upenyo wa sanduku, mzuri kabisa, lakini si huo unaokausha, unaokausha ni urujuanimno, na huo jicho halijawahi kuuona, taa inaweza kuishiwa nao miezi mingi na bado ikang'aa, nani alinifundisha hayo kama si Preben, Preben mume wangu, kwenye mkanda huuhuu, kabla hatujaoana, "bonyeza kidole gumba, kizungushe, alama ikibaki, bado mbichi"... na leo asubuhi amevaa shati safi, amechana nywele mwenyewe, amekula mkate mweusi na samaki wa siki, macho yake ya buluu yanacheka, na jirani alipopita dirishani akasema mzee wako amependeza, na mimi moyo ukajaa, nikajiambia Lone ana haraka, binti yangu huyu, "Mama, manispaa wanataka jibu leo, wasipolipata chumba cha baba pale kwenye nyumba ya wazee watampa mwingine," mbona baba yako anaendelea vizuri, "Mama, juzi alikuuliza wewe ni nani!" alikuwa anatania, Lone, unamjua baba yako... simu inatetemeka mfukoni, ni Lone, siipokei, bado napima... leo asubuhi, mkate ukiwa mezani, Preben akabonyeza kidole gumba juu ya meza ya jikoni, akakizungusha, akasema imekauka vizuri hii, wewe ndiye mgeni tuliyeletewa kazini leo? na mimi na kisu cha siagi mkononi nikasema ndiyo, kwani ningesema nini, "basi karibu, mama, ila usiiamini taa kwa kuitazama, itakudanganya, pima," akaniambia kwa upole uleule wa ujana wake, upole ulionifanya nimpende, "na mumeo anafanya kazi gani?" Fundi wa taa, nikasema. "Ana bahati," akasema, akaurudia mkate wake... nikanawa vyombo, nikaja kazini, nikamwambia kila mtu Preben hajambo, na nimekuwa nikisema hajambo tangu majira ya baridi, Mungu wangu, nimekuwa nikimtazama tu... "Haya basi, nzima au imekufa? Stoo iko nyingine, sema tu nibadilishe!" iko nyingine, Torben, bahati yako, iko nyingine... Izime. "Hujakisoma hata, kipimo bado kiko ndani!" Izime, nakwambia, nimeshapima. "Leo una nini wewe?" anauliza, sasa bila utani, na simu inatetemeka tena, mkono wangu umeshaishika, nitamwambia Lone ndiyo, wamchukue, na wauguzi watampenda, watasema mzee wenu mbona mzima, na akiniuliza pale mlangoni mimi ni nani nitasema mgeni, mgeni tu, na jioni nitafuta meza yetu peke yangu, na Torben hajafika kwenye swichi, kipimo hakijatoka, na mwanga bado unachungulia kwenye upenyo, wa buluu, na mimi siutazami tena.