Makopo Manane ya Yayra

Katika bweni la tatu palikuwa na benki, na gavana wake alikuwa Senyo Agbeko wa kidato cha pili, mwenye suruali mbili na heshima isiyopimika. Benki haikuwa na hata sedi moja ya fedha. Ilishughulika na unga wa muhogo uliokaangwa, ule ambao ukitiwa maji na sukari humrudishia mwanafunzi imani baada ya maharage ya bwalo. Mwenye akiba sandukuni alimkopesha mwenye njaa makopo manne. Siku ya wageni ikipita, alirudishiwa matano. Senyo aliwakutanisha na kumpima mkopaji kwa swali moja: "Nani anakuja kukutembelea?"

Yayra hakuwa na wa kumtaja. Bibi yake aliishi ng'ambo ya ziwa, na kwa miaka miwili hakuna mgeni aliyewahi kumwulizia langoni.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, Yayra alisimama mbele ya kitanda cha Senyo.

"Gavana, nataka makopo manane."

"Manane! Unaoa?"

"Nakodi ndoo kumi na sita, nusu kopo kila ndoo. Kesho magari yatafika yamejaa vumbi la harmatani, upepo huu mkavu, na mabomba yamekauka. Nitateka maji mtoni, niyaoshe magari hayo."

Ofosuhene, ambaye sanduku lake lilikuwa na kufuli tatu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mpe, Gavana! Bibi yake atakuja na mtumbwi kulipa."

"Mkopeshe wewe basi."

"Mimi? Unga wangu una wazazi."

Bweni zima likakataa. Sandukuni mwa Senyo mlibaki makopo manane kamili. Mama yake alikuwa amejifungua juzi, hangeweza kuja, na shule ingefungwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu za maharage matupu!

Gavana akaitisha kikao cha bodi, yaani alijifunika shuka gubigubi. Ajenda ilikuwa moja: ndoo yake mwenyewe. Harmatani ikivuma, aliyeazima ndoo huirudisha tupu, pengine na soksi ya mtu ndani. Yayra alikuwa ameiazima mara tatu. Mara zote tatu aliirudisha imejaa maji, na mto uko chini ya kilima.

Bodi ikafunua shuka. "Chukua. Kumi kamili Jumamosi jioni. Na ndoo yangu utumie, haina kodi."

"Gavana amerukwa na akili," Ofosuhene alitangaza.

Jumamosi, jogoo hajawika mara ya pili, Yayra alikuwa ameshaanza kupanda kilima. Kufikia saa mbili ndoo kumi na saba zilikuwa zimejipanga mstari langoni kama wanafunzi wa gwaride. Gari la kwanza likampita. La pili likampita. Dereva wa tatu akamfukuza kwa mkono, kama nzi. Senyo, akitazama toka dirishani, alihisi ladha ya maharage ulimini.

Likaja la nne, jekundu kwa vumbi. Akashuka mzee mwenye kanzu nyeupe pe, akaegemea mlango, akajitazama mgongoni, akaguna.

"Kijana, unaosha kwa kiasi gani?"

"Sedi kumi, mzee. Au makopo matatu ya unga."

"Osha. Mke wangu ana gunia zima."

Gari liling'aa mpaka madereva waliofuata wakaona aibu ya vumbi lao. Wakapanga foleni. Ofosuhene alipokimbia kumpokea mgeni wake, alikuta baba yake, kanzu na yote, akimsifu Yayra mbele ya wazazi wenzake.

Jioni Yayra alipima makopo kumi juu ya sanduku. Senyo aliyahesabu mara mbili. Si kwa shaka, ni kwa hadhi ya benki.

Ofosuhene akasogea, sauti ya asali. "Yayra, ndugu yangu, muhula ujao ukihitaji hata makopo ishirini..."

"Kwanza wazazi wa unga wakubali," alisema Yayra.

Bweni likalipuka kwa kicheko. Yayra akatoka, akarudi na ndoo ya Senyo, imejaa hadi ukingoni. Gavana akavua shati, akaibeba ndoo kwenda kuoga, akipita njia ndefu katikati ya vitanda vyote, polepole, bila kumwaga tone.