Mfungo wa Mchungaji

Shemeji yangu mchungaji alikuwa na dawa moja kwa kila mwenye huzuni: omba, funga, acha uvivu. Hata mimi, nilipojifungua mtoto mfu nikashindwa hata kuchana nywele, alikuja kunieleza kwamba nimempa shetani kiti. Nilimwacha aongee mpaka koo limkauke.

Mwaka jana ikawa zamu yake. Hakuwa na homa wala jeraha, aligeukia ukuta tu. Dada yangu, mkewe, alimpelekea uji, ukaganda utando. Akimwomba aoge, anajibu, "Kesho." Kesho hiyo ilichukua wiki tatu.

Wazee wa kanisa walikutana sebuleni kwake na suti zao. Hakuna aliyeuliza mgonjwa anaendeleaje. Waliuliza waumini waambiwe nini. Mwenyekiti wao akasema, "Tutatangaza amejifungia kwa mfungo mzito." Jumapili watu walipiga makofi. Wengine wakaanza kupenyeza vikaratasi vya maombi chini ya mlango wake. Mtu hawezi kuvaa soksi, wao wanamletea maombi ya kupata viza!

Siku shemeji alipomwambia dada kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila yeye, dada alinipigia simu akilia. Nilifika na teksi kumpeleka hospitali. Mwenyekiti akaziba mlango.

"Hospitali ya vichaa? Watu watasemaje kuhusu imani yetu?"

"Mzee, mwezi uliopita ulipasuliwa ngiri. Imani yako ilikuwa likizo?"

Akapisha.

Ndani ya teksi shemeji alinong'ona, "Naomba kila siku. Sisikii kitu. Nimemkosea nini Mungu?"

Nilikuwa na maneno makali niliyomwekea miaka mingi. Nilipomtazama, yakanitoka mengine.

"Hujamkosea kitu, shemeji. Unaumwa."

Daktari alimwandikia vidonge, akamtaka arudi kila wiki wazungumze. Baada ya miezi miwili shemeji alipanda madhabahuni. Wazee walikuwa wameshamwandikia ushuhuda wa mfungo. Akaukunja, akautia mfukoni.

"Sikufunga. Niliugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Nameza dawa kila asubuhi, na bado naomba. Niliowaambia ni wavivu, nisameheni."

Mwenyekiti alitoka na wenzake wanne, viatu vikilia sakafuni kwa hasira. Hakuna aliyewafuata.

Shemeji bado hajapona kikamilifu. Ziko Jumapili dada husimama mbele na kusema, "Leo mchungaji ameshindwa kuamka," kisha anafungua Biblia, na ibada inaendelea.