Nne Nukta Nane Nane

Kolbrún aliiweka karatasi juu ya benchi la kazi, akaikandamiza kwa spana ili upepo wa mlangoni usiipeperushe. Vigfús hakuhitaji miwani. Hesabu ile aliijua kabla ya kuisoma: tatu nukta saba tatu, mara arobaini na nne, gawanya kwa thelathini na mbili. Jawabu lilikuwa limezungushiwa duara. Tano nukta moja tatu.

"Nimeirudia mara tatu," Kolbrún alisema huku akivua glavu. "Meno yaliyokuja na gari ni ya tatu nukta saba tatu, tairi zake ni za inchi thelathini na mbili, hizi mpya ni za arobaini na nne. Ili injini isione tofauti, uwiano wa difu unatakiwa uwe tano nukta moja tatu. Sasa meno ya hivyo hayapo. Yapo ya nne nukta nane nane, na yapo ya tano nukta tatu nane. Jawabu limekaa katikati kabisa, Fúsi. Karatasi imenigomea."

"Karatasi haiendeshi gari."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Vigfús, ambaye mji mzima ulimwita Fúsi, alijifuta mikono kwa kitambaa, mikono ambayo haikuwa na grisi. Alikuwa fundi wa pekee katika mji ule mdogo uliojibanza baina ya bahari na barafuto ya Vatnajökull, na hakuna gari lililopanda kwenye barafu ile bila kupita mikononi mwake. Tairi pana aliziingiza yeye, zile ambazo dereva huzitoa karibu upepo wote ili zilale bapa juu ya theluji badala ya kuichimba. Lakini tairi kubwa huielemea injini, na dawa yake imo ndani ya ekseli: kufungua difu na kubadilisha meno. Namba ikiwa kubwa, gari huenda taratibu lakini huvuta. Ikiwa ndogo, hukimbia barabarani na kuishiwa pumzi mlimani. Kwa miaka kumi na tisa kazi zote alizifanya isipokuwa hiyo. Waliotaka kubadilisha meno aliwapeleka kwa mafundi wa Reykjavík, akisingizia macho.

Na sasa aliyesimama mbele yake ni Kolbrún Eyvindsdóttir, Kolbrún binti Eyvindur, mwalimu wa kuogelea, ambaye tangu vuli alikuwa dereva wa kikosi cha uokoaji, wa kujitolea kama wenzake wote. Kila lilipotajwa jina la babaye, Vigfús alihisi mtu amefungua mlango nyuma ya mgongo wake na kuuacha wazi.

"Mimi naegemea nne nukta nane nane," Kolbrún aliendelea. "Kutoka kituoni hadi chini ya barafu ni kilomita tisini za lami. Mtu akiwa amekwama kule juu, kila dakika ya barabarani ni yake. Tukiweka ile nyingine, kondoo watatupita wakitucheka."

Ndivyo Vigfús mwenyewe alivyosema miaka kumi na tisa iliyopita, karibu neno kwa neno, hata kondoo.

"Chukua tano nukta tatu nane," Vigfús alisema.

"Kwa nini?"

"Chukua tu."

"Leo jioni nisimame mbele ya kikosi kizima niseme Fúsi kasema chukua tu? Watanirudisha bwawani nikawafundishe watoto kupiga mbizi." Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mzee hacheki. "Nipe sababu, Fúsi. Moja tu."

Sababu aliyokuwa nayo ilikuwa na sauti. Ilikuwa injini inayoguna chini chini, inayotaka kupanda na haiwezi, ikifuatwa na harufu ya klachi inayoungua. Kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ikimjia bila hodi, akiwa amelala chini ya gari la mtu, akiwa kanisani, akiwa ndani ya maji ya moto ya bwawa la mji huku wenzake wakibishana juu ya samaki. Akiisikia, hunyamaza. Mkewe alikwisha zoea kumngoja arudi.

"Gari la zamani la kikosi," alianza, "lilikuwa na ekseli kama za hili lako. Hesabu ilikuwa hii hii. Mimi ndiye niliyechagua."

Kolbrún aliitupia macho karatasi yake.

"Nilichagua nne nukta nane nane. Barabarani lilikuwa tamu, lilikwenda kama gari la harusi. Nilichosahau ni kwamba hesabu hii inajua kimo cha tairi peke yake. Haijui uzito wake. Haijui upepo wa uso kwa uso, wala theluji inayoishika tairi laini kama unga mbichi. Mwezi wa pili tukaitwa, baba yako alikuwa amekwama kule juu. Barabara tuliimaliza upesi kuliko kikosi chochote. Kisha tukafika Grábrekka, ule mwinuko mrefu, na gari likaanza kuguna. Nilikuwa nikiibana klachi ili injini isizime. Ikaungua."

"Ripoti ya kifo chake ilisema tufani."

"Tufani ilikuwepo. Sehemu ya gari niliiandika mimi. Niliandika klachi iliungua. Sikuandika kwa nini."

Nje, gari la samaki lilipita kuelekea bandarini, na vioo vya karakana vikatetemeka hadi lilipotoweka. Kolbrún alikuwa ameketi juu ya tairi moja mpya, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Alikuwa na umri wa miaka tisa wakati ule. Vigfús alimkumbuka mazishini ndani ya koti la mtu mwingine.

"Mama ana jambo analolirudia," Kolbrún alisema. "Anasema baba alikuwa na koleo. Pikipiki yake ya theluji iliharibika, sawa, lakini alikuwa na koleo, na alijua kuchimba shimo la kujihifadhi kuliko mtu yeyote hapa. Angechimba angeishi siku mbili. Lakini walimkuta amekaa nje, juu ya pikipiki, taa ya kichwani ikielekea bondeni. Mama anasema kuna mtu alimwambia kwenye redio asichimbe." Alinyanyua macho. "Alikuwa nani?"

Lile Vigfús alilolisema kwanza lilikuwa gumu, lakini lilikuwa la chuma na meno, na mtu anaweza kukosea chuma. Hili halikuwa la chuma. Angeweza kusema hakumbuki. Waliokuwamo ndani ya gari lile walikuwa watatu, na wawili walikwisha kufa.

"Ni mimi," alisema. "Aliniuliza achimbe au asubiri. Nikamwambia asichimbe, akiwa chini ya theluji tutampita bila kumwona. Akae juu, awashe taa. Nikamwambia nusu saa."

"Na mlikuwa Grábrekka."

"Tulikuwa Grábrekka. Harufu ilikwisha anza. Nilijua, Kolbrún. Nilijua na nikasema nusu saa."

Kolbrún aliinuka, akavaa glavu zake moja baada ya nyingine, akatoka. Karatasi aliiacha. Mlango haukufungwa vizuri, na Vigfús hakwenda kuufunga.

Siku nne zilipita. Alifanya kazi zilizokuwepo, akabadilisha breki za basi la shule, akala supu aliyowekewa mezani. Mtaani watu walimsalimia kama kawaida, na hilo ndilo lililomtisha. Alipekua nyuso zao akitafuta kama wameambiwa. Sauti ya injini haikumjia hata mara moja. Badala yake ukaja ukimya mpana wa baada ya redio kuacha kujibu, na huo ulikuwa mbaya zaidi.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, gari la kikosi liliingia karakanani kinyumenyume. Kolbrún aliteremka, akafungua mlango wa nyuma, akashusha maboksi mawili mazito. Ubavuni yalikuwa na namba: tano nukta tatu nane.

"Tuanze na ya mbele au ya nyuma?" aliuliza.

"Ya nyuma."

"Mama hajui kama niko hapa. Sijui kama nitamwambia."

Walifanya kazi bila maneno mengi. Walimwaga oili, wakachomoa mihimili, wakatoa meno ya kiwandani na kuyalaza juu ya gazeti kama samaki. Mapya yaliingia yaking'aa. Kolbrún alikuwa na mikono mizuri ya kazi. Alishika chuma pasipo kukiogopa. Alipokuwa akikaza bolti, uso ukiwa ndani ya ekseli, aliuliza:

"Mwisho alisema nini? Kabla hajanyamaza."

Vigfús hakuwa amesahau.

"Aliuliza kama tumekuja na kahawa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tunayo."

"Mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo. Chupa nzima."

Bolti ilikaza, ikalia, ikanyamaza. Kolbrún alibaki ameinama pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na Vigfús aliangalia sakafu.

Kisha Vigfús aliyapaka meno rangi ya njano, ile nzito ya kupimia, kama inavyotakiwa, kwa sababu meno ya difu hayaaminiwi kwa macho. Huzungushwa polepole, rangi ikabanwa, na alama inayobaki husema kama jino linagusa jino mahali pake. Likigusa pembeni kidogo tu, litakula mwenzake na kuvunjika njiani. Aliusukuma mhimili kwa mkono, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Akarudi nyuma ili Kolbrún aangalie.

Kolbrún alimulika tochi. Aliangalia jino la kwanza, akaangalia la pili, akayafuata yote hadi aliporudi alikoanzia.

"Bado," alisema.

Vigfús alipiga goti juu ya saruji, akaanza kulegeza bolti.