Skrubu ya Spika

Gari la baba limenizidi umri, na mimi si mtoto. Mnunuzi anakuja kesho kulichukua. Kwenye simu alisema, "Hakikisha tu taa za breki zinawaka."

Kauli hiyo ilinichoma. Fundi umeme wa magari ni mimi, na taa hizo nilizipima mwenyewe siku baba alipogongwa kwa nyuma, mama akavunjika mkono. Aliyewagonga aliapa kwamba hakuona taa yoyote. Nikapima, zikawaka vizuri kabisa. Basi nikamgeukia mzee mbele ya kaka zangu na wake zao. "Baba, umezeeka sasa. Unasimama ghafla kama umeona nyoka!" Watu wakacheka. Nikanyoosha mkono, akanipa funguo.

Leo mchana mama amekaa kiti cha dereva, mkono wake ungali kwenye bandeji, ananisaidia kukanyaga breki. Taa zikawaka. Nikarudisha tairi la akiba na boksi la vifaa kwenye buti.

"Kanyaga tena, mama."

Hakuna taa.

"Mama, kanyaga!"

"Nimekanyaga, bwana! Au na mimi nimezeeka?"

Nikatoa tairi, zikawaka. Nikalirudisha, zikazimika. Lo! Balbu nzima, fyuzi nzima. Nikaufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye pedali hadi chini ya ubao wa spika uliolala sakafuni mwa buti. Hapo skrubu ndefu ilikuwa imeung'ata waya ukakatika. Buti likiwa tupu, ncha za waya zinagusana. Likibeba mzigo, ubao unashuka, zinaachana. Na siku ile baba alikuwa amebeba magunia ya mkaa. Tuliyashusha kwanza, ndipo nikapima.

Spika hizo nilizifunga mimi. Zawadi yangu kwake, asikilize redio vizuri. Skrubu fupi ziliniishia, nikaona uvivu kwenda dukani. Mimi huyu, ninayewaimbia wateja kila siku kwamba haraka haraka haina baraka!

Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha shetani naye, hana haya, akaninong'oneza: unga waya, funika zulia, gari liende na siri yake. Nikashika koleo kabisa.

"Umepata ubovu?" mama akauliza.

"Nimepata."

"Basi usimlaumu tena baba yako, mwanangu, nakuomba. Halali usiku. Anaushika mkono huu ananiomba radhi, mimi mkewe, mpaka namwonea huruma."

Koleo likanitoka mkononi. Nikaifungua ile skrubu, nikamfuata baba kibarazani. Alikuwa anapiga viatu rangi, viatu ambavyo siku hizi haviendi popote.

"Baba, hukusimama ghafla. Taa hazikuwaka. Skrubu hii niliifunga mimi, ikakata waya. Mama ameumia kwa sababu yangu. Nisamehe, baba."

Akaipokea, akaigeuza mara kadhaa. Akatazama kule gari lilipo, kwa mama. Machozi yakamlengalenga.

"Kwa hiyo si mimi niliyemvunja mkono?"

"Si wewe, baba."

Nikamwekea funguo magotini. Akazisukuma zikanirudia.

"Uliponinyang'anya, walikuwepo wote, hata wakwe zangu. Waite. Utanirudishia mbele yao."

Nikatoa simu. Nikaanza na kaka aliyecheka zaidi.